Muuguzi, Dawa na Bamvua: Mgonjwa wa Tiba Shufaa Arudipo Nyumbani

Watu wengi huihesabu siku ya kutoka hospitali kuwa siku ya furaha: mgonjwa amepona, cheti kimeandikwa, na jamaa wamekuja kumchukua. Hata hivyo wapo wagonjwa waruhusiwao kurudi nyumbani ilhali maradhi yao hayatazamiwi kupona, mathalani saratani iliyokwisha kuenea mwilini au moyo ulioshindwa kazi. Kwa hao, siku ya kutoka hospitali ndiyo siku ambayo uuguzi wao unahama kutoka wodini, penye mabingwa na dawa, kwenda kwenye chumba cha nyumbani, penye mume, dada au binti ambaye hajapata kufundishwa kazi hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi uhamisho huo unavyofanywa, na kwa nini mtu anayeubeba hasa ni muuguzi. Mfano utakaotumika ni wa kata ya Maparoni, katika delta ya Mto Rufiji, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu moja: huko muuguzi hana budi kuzipatanisha saa za aina mbili, yaani saa za dawa na saa za maji kujaa na kupwa.

Tiba shufaa ni nini?

Tiba shufaa ni huduma apewayo mgonjwa mwenye maradhi yanayotishia uhai wake, kwa nia ya kumpunguzia mateso yeye pamoja na jamaa zake. Huduma hiyo haiharakishi kifo wala haikiahirishi. Inaweza kuanza mapema, sambamba na tiba ya kuponya, na ikaongezeka kadiri tiba ya kuponya inavyokosa nguvu.

Aliyeiweka huduma hiyo katika misingi ya sayansi ni Cicely Saunders wa Uingereza, ambaye alianza kazi akiwa muuguzi, akawa mhudumu wa ustawi wa jamii, na hatimaye akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya St Christopher's mjini London. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba maumivu ya mtu anayekaribia mwisho wa maisha yana sehemu nne zisizotengana: mwili, nafsi, jamii na roho. Mama mwenye uvimbe tumboni anaumwa na uvimbe huo. Anaumwa pia na hofu, na deni la matibabu, na swali la nani atawalea wanawe. Dawa pekee haiwezi kuyamaliza yote hayo.

Katika Afrika ya Mashariki, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda ikafuata mwaka 1993. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopewa hadhi ya taasisi mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897, ni miongoni mwa mahali pa kwanza kutoa mofini ya kunywa. Kadhalika Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilijenga utaratibu wa kuwafuata wagonjwa majumbani kwa kutumia wauguzi na watu wa kujitolea. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia uliyataka mataifa yote yaiingize tiba shufaa katika mfumo wa kawaida wa afya, kuanzia ngazi ya chini kabisa.

Maumivu na mofini

Uvimbe wa saratani unapokua huibana mishipa ya fahamu na kuziharibu nyama zilizo jirani. Habari ya madhara hayo husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, kisha hupanda hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo mtu anapotambua kuwa anaumwa. Dawa za kutuliza hukata habari hiyo mahali mbalimbali njiani.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaozipanga dawa hizo kama ngazi yenye vipago vitatu. Kipago cha kwanza ni cha parasetamoli na dawa za jamii ya ibuprofeni. Cha pili ni cha dawa za nguvu kiasi, kama kodeini. Cha tatu ni cha dawa kali, na iliyo kuu kati yake ni mofini. Dawa hii ilitengwa kutoka katika afyuni, yaani kasumba, na mwanakemia Mjerumani Friedrich Sertürner mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1973 watafiti walionyesha kwamba ubongo una vipokezi ambavyo mofini hunasa juu yake, mfano wa ufunguo katika kitasa. Muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazonasa papo hapo. Mofini basi hupita katika mlango ambao mwili umekwisha kuujenga.

Inapotolewa kwa kipimo sahihi kwa mtu mwenye maumivu makali, mofini haimpumbazi. Usingizi wa siku chache za mwanzo hupungua, na mara nyingi mgonjwa aweza kuketi, kula na kuzungumza. Athari moja isiyopungua ni kufunga choo. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja na mofini tangu siku ya kwanza. Watu huogopa pia uraibu. Ni kweli kwamba mwili huizoea dawa, hata ikikatizwa ghafula mgonjwa hutetemeka, hutokwa jasho na kuharisha. Lakini mazoea hayo ya mwili ni tofauti na tamaa ya mraibu anayeitafuta dawa kwa ajili ya ulevi, jambo ambalo ni nadra kwa mgonjwa anayetibiwa maumivu chini ya uangalizi mzuri.

Hapo msomaji atambue jambo la hatari. Chupa ya mofini ikiisha nyumbani, mgonjwa hupatwa na mateso mawili kwa pamoja: maumivu yake ya awali hurejea, na mwili unaonyimwa dawa iliyozoea huanza kutaabika. Kwa sababu hiyo kumpeleka mgonjwa nyumbani bila mpango wa dawa inayofuata ni kumwahirishia mateso tu.

Kwa nini dawa hufuata saa

Mofini ya maji ikinywewa, kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa 2 hadi 3 hivi. Mtu aweza kuufikiria mtungi unaovuja. Asiyetaka ukauke hangoji mpaka ukauke; huuongeza maji kwa vipindi vilivyo sawa. Ndiyo maana kipimo cha mofini hutolewa kila baada ya saa 4, hata kama wakati huo mgonjwa haumwi. Kosa la kawaida nyumbani ni kuiweka dawa akiba mpaka mgonjwa alie. Wakati huo maumivu yamekwisha kupanda, na kuyashusha huhitaji dawa nyingi zaidi kuliko ile ambayo ingeyazuia.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, usiomhusu mtu fulani, wa mama wa makamo wa Maparoni mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Amepata tiba ya mionzi ili kupunguza damu na maumivu, na sasa anataka kurudi kwake. Ameandikiwa miligramu 5 za mofini kila saa 4, katika dawa ya maji ambayo kila mililita 5 zina miligramu 5. Vipimo hivi ni vya kufundishia hesabu tu; kipimo cha kila mgonjwa hupangwa na mtaalamu aliyempima.

Atakunywa mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Saa 4 usiku atapewa kipimo maradufu, yaani mililita 10, ili yeye na anayemwuguza wapate kulala mpaka alfajiri. Jumla kwa siku ni mililita 30. Mbali na hizo, huruhusiwa kipimo cha nyongeza cha mililita 5 maumivu yanapochomoza kabla ya saa yake.

Njia ya kwenda Maparoni

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, unaokadiriwa kuzidi hekta 50,000. Kata za Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi, Msala na Salale zimo ndani yake, na wakazi wake huishi kwa uvuvi, kilimo cha mpunga na mazao ya mikoko. Msafiri atokaye Dar es Salaam hufuata barabara kuu ya kusini, huiacha Bungu na kuelekea Nyamisati, kisha huingia chomboni.

Kuanzia hapo bahari ndiyo inayopanga safari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvutano wa jua na ule wa mwezi huungana, na huja bamvua: katika pwani ya Tanzania tofauti kati ya maji makuu na maji makavu huzidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Kati ya bamvua moja na nyingine hupita siku 14 au 15.

Katika pwani hii bamvua hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na ndani ya mikono ya mto huchelewa zaidi. Juma moja baadaye, kwa kuchelewa dakika 50 mara 7, yaani saa 5 na dakika 50, kujaa kwa jioni kumehamia karibu na saa 4 usiku, nako kule kwa alfajiri kumeingia saa 3 na nusu hivi za asubuhi. Isitoshe, wakati wa maji mafu mikono midogo ya mto yaweza isipate kina cha kutosha kwa boti ya mashine, na abiria wakalazimika kwenda kwa mtumbwi na upondo. Mgonjwa asiyeweza kuketi hawezi kusafirishwa hivyo bila mateso.

Hesabu ya chupa na bamvua

Tuseme mama huyo amerudi wakati wa bamvua akiwa na chupa ya mililita 500. Mpaka bamvua ifuatayo, siku 15, atatumia mililita 450. Zitabaki mililita 50, yaani vipimo 10 vya nyongeza. Kwa hesabu hii chupa inatosha, ingawa kwa shida.

Lakini saratani haikai mahali pamoja. Tuseme katika siku ya pili maumivu yamezidi na kipimo kimepandishwa hadi miligramu 10. Matumizi ya siku sasa ni mililita 60, na chupa iliyotazamiwa kudumu siku 15 itaisha baada ya siku 8 au 9, yaani katikati ya maji mafu, wakati ambapo safari ni ngumu kuliko siku zote. Wodini ongezeko hilo lingekuwa jambo dogo, kwa kuwa kabati la dawa lipo hatua chache kutoka kitandani. Katika delta, familia yaweza kukesha na mgonjwa anayelia huku dawa ipo ng'ambo ya maji.

Mtu aweza kufikiri kwamba ufumbuzi ni kumpa mgonjwa dawa iliyo kali mara 10 katika chupa ile ile. Njia hiyo hutumika, lakini ina hatari yake: anayekosea chupa hukosea kipimo mara 10, na mofini iliyozidi hupunguza pumzi. Huko Uganda dawa ya maji hutiwa rangi tofauti kwa kila ukali, ili hata asiyejua kusoma aitofautishe. Kwa mgonjwa anayeanza, chupa mbili za dawa hafifu, au akiba iliyowekwa chini ya ulinzi katika kituo cha afya kilicho karibu, ni salama zaidi. Kuchagua kati ya njia hizi kwahitaji mtu anayeijua dawa, anayemjua mgonjwa, na aliyeuliza habari za njia. Mtu huyo aghalabu ni muuguzi.

Kazi ya muuguzi kabla ya safari

Kazi ya kumhamisha mgonjwa haianzi siku anapotoka. Muuguzi mwangalifu huianza siku anapolazwa, kwa kuuliza mambo ambayo hayamo katika fomu: nyumba iko wapi, chombo hupita lini, nani atamwuguza, nani ana simu, zahanati ipi iko karibu.

Baada ya hapo humfundisha yule atakayemwuguza. Kumweleza hakutoshi. Humpa bomba la sindano lisilo na sindano na kumwambia, "Hebu nionyeshe, mwanangu, saa 4 za usiku utampa mama kiasi gani?" Akivuta mililita 5 badala ya 10, kosa limegunduliwa wodini, mahali ambapo halina madhara. Humfundisha pia dalili za dawa kuzidi, yaani usingizi mzito ambao mgonjwa haamshiki na pumzi za polepole mno. Humwonya kwamba mkojo ukipungua sana atoe habari upesi, kwa kuwa figo ndizo zinazoyatoa mabaki ya mofini mwilini.

Kisha huandika karatasi mbili. Moja ni ya familia, yenye saa za dawa na nafasi ya kutia alama kila kipimo kinapotolewa. Nyingine ni ya zahanati, yenye jina la ugonjwa, dawa zote, na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Mwishowe huandaa chupa ndogo ya safari. Mama anayeondoka Dar es Salaam alfajiri na kuyangoja maji ya jioni atahitaji dawa saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, pengine akiwa bado majini. Mililita 15 za vipimo hivyo na 10 za nyongeza, zikiwekwa mkobani kando ya chupa kubwa, huzuia kufungua mizigo katika chombo kinachoyumba.

Nyumbani

Nyumbani kazi nyingi hazihitaji mashine. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, kwani uzito wa mwili huzuia damu isipite katika ngozi iliyolaliwa, na hapo ndipo vidonda vya mgongo vinapoanza. Kidonda chenye harufu husafishwa kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, na kwa maagizo ya mtaalamu hunyunyiziwa unga wa vidonge vya metronidazoli, unaowaua bakteria wanaoitoa harufu hiyo. Jambo hili la harufu si dogo: majirani waliokoma kuingia chumbani hurudi, na mgonjwa hujiona tena kuwa mtu miongoni mwa watu. Anayetweta huketishwa kwa mito na kupepewa usoni.

Muuguzi huulizwa pia maswali yasiyo ya dawa. Jamaa humwomba amfiche mgonjwa jina la ugonjwa wake, ilhali mgonjwa huuliza faraghani kama atakufa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Muuguzi mwenye hekima humwuliza mgonjwa kwanza anajua nini na anataka kujua nini, kisha humsaidia kuzungumza na jamaa zake wakati bado ana nguvu za kuusia. Katika jamii ya Kiislamu kama ya delta, huzungumza mapema kuhusu mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa mgonjwa aweza kuziacha dawa za mchana kwa kuona haya kutofunga. Sheikh wa kijiji akimkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, neno lake hupokewa kuliko la hospitali.

Yapo mengine ambayo muuguzi peke yake hawezi kuyatatua. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unazidhibiti dawa kama mofini, na papo hapo unakiri kwamba haziepukiki katika kutuliza maumivu. Hapa nchini, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni ya mwaka 2015. Udhibiti ni wa lazima, lakini penye daktari mmoja kwa vijiji vingi, ruhusa ya kuandika dawa huweza kuwa mbali kuliko dawa yenyewe. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Aidha, mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yalikumbusha kwamba njia yaweza kukatika hata nje ya maji mafu.

Shule nayo inahusika

Anayemwuguza mgonjwa nyumbani mara nyingi ni binti wa nyumba, na binti huyo huenda ni mwanafunzi. Yeye ndiye anayekesha kwa kipimo cha usiku na kuamka kwa kile cha alfajiri, kisha hutazamiwa afike darasani. Muuguzi anayepanga safari ya mgonjwa yampasa aulize ni mtoto gani atakayekosa masomo, na awahimize jamaa wagawane zamu. Naye mwalimu anayeona jina lile lile likikosekana katika daftari la mahudhurio wakati kuna mgonjwa kijijini, yampasa aulize kabla ya kuadhibu.

Mgonjwa anapofariki, kazi ya muuguzi haijaisha. Baada ya matanga hurudi, au humtuma mhudumu wa afya wa kijiji, kwa mambo mawili. La kwanza ni kuipima mofini iliyobaki chupani, kuiandika na kuirudisha, ili isimdhuru mtoto wala isiingie mikononi mwa mwingine. La pili ni kumtazama yule aliyeuguza: je, analala, anakula, amerudi shule? Chupa ikiwa imerudishwa na dawa iliyobaki ndani yake, hiyo ni ishara njema. Maana yake mgonjwa hakufika siku ambayo dawa ilimwishia.